Masaa yaliyopungua yameenda wapi? Majibu ya maswali yenu kuhusu muda wa kazi

Toleo lililopita niligusia kidogo tu hii habari ya wiki ya kazi ya siku nne, yaani kampuni na nchi zinazojaribu kupunguza muda wa kazi bila kugusa mshahara, na barua zilizokuja sijawahi kuziona kwenye mada nyingine yoyote. Nimechagua saba. Zinazofanana nimeziunganisha, na pale msomaji alipotaja jina la mwajiri wake nimelitoa.

SWALI: Habari za kazi dada. Mi ni karani kwenye ofisi ya bima. Bosi ametangaza mwezi ujao tunaanza siku nne, Ijumaa tunakaa nyumbani, watu wamefurahi sana mpaka wakapiga makofi. Ila mi nikaichukua ratiba mpya nikaisoma vizuri nikakuta tunaingia saa moja asubuhi tunatoka saa kumi na mbili jioni. Hiyo ndo siku nne mnayoisema nyie au tunachezewa? Ratiba nimeambatanisha.

JIBU: Ahsante kwa kuleta ratiba yenyewe. Nimekaa nayo na kalamu. Saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni ni masaa 11, toa moja la chakula yanabaki 10, mara siku nne unapata 40. Ratiba yenu ya zamani ni masaa 8 mara siku tano, nayo ni 40. Kwahiyo hamjapunguziwa hata dakika moja, Ijumaa yenu imekatwa vipande vinne vikagawanywa kwenye siku zilizobaki.

Sisemi ni dhambi. Ubelgiji mwaka 2022 walitunga sheria inayomruhusu mfanyakazi aombe kumaliza masaa yake yote ndani ya siku nne, na mwajiri akikataa anatakiwa aandike sababu. Anayekaa mbali na kazini anaweza kuipenda maana anaokoa nauli na uchovu wa safari ya siku nzima. Lakini kule anayeomba ni mfanyakazi, haletewi tu tangazo ukutani. Mwenye mtoto wa kuchukuliwa shule saa tisa hiyo saa kumi na mbili jioni inamuumiza siku nne ili apumzike moja.

Ile niliyoandika mimi ni kitu kingine. Kuna kampuni ya New Zealand inaitwa Perpetual Guardian, mwaka 2018 ilijaribu na wafanyakazi wake karibu 240, na hesabu yao ilikuwa mshahara asilimia 100, muda asilimia 80, kazi ileile asilimia 100. Uingereza mwaka 2022 kampuni 61 zenye wafanyakazi karibu 2,900 zikajaribu kwa miezi sita, na zilipomaliza 56 zikasema zinaendelea. Siku za kuumwa zilipungua kwa asilimia 65 na watu wanaoacha kazi kwa asilimia 57. Mi naziamini hizo namba ila nazisoma kwa tahadhari, kwasababu kampuni zile zilijitolea zenyewe, na mwajiri anayejitolea kwa jambo kama hili mara nyingi ni yule aliyekuwa anawajali watu wake tangu mwanzo. Iceland wao walijaribu 2015 hadi 2019 kwenye ofisi za serikali na za jiji la Reykjavik, watu zaidi ya 2,500, na hapo watu wengi wanachanganya: kule wengi hawakupewa siku nne, walitoka masaa 40 kwa wiki wakaenda 35 au 36, mshahara ukabaki palepale. Alafu vyama vya wafanyakazi vikachukua matokeo yale vikaenda nayo kwenye meza ya mazungumzo.

Sasa utaniuliza masaa yale manne matano walikuwa wanayatoa wapi. Nikupe mfano ninaoujua kwa macho yangu. Nilishafanya kazi ofisi moja ya uhasibu, kila Jumatatu asubuhi kikao cha masaa mawili, tuko watu 14 tumezunguka meza, kila mtu kwa zamu anasoma alichofanya wiki iliyopita, na hicho anachosoma ndo kilekile alichotuma kwenye ripoti Ijumaa jioni. Watu 14 mara masaa 2 ni masaa 28 kila wiki, yaani kazi ya mtu mmoja ya siku tatu na nusu inaishia pale mezani. Meneja akaenda likizo ya uzazi, aliyemshikia nafasi akakifuta kile kikao siku ya kwanza tu, na miezi minne hakuna hesabu iliyochelewa. Ukisikia kampuni imepunguza muda na kazi haikushuka, ujue walianzia kwenye vitu kama hivyo, hawakuwaambia watu wakimbie zaidi.

Kabla hujasaini muulize bosi wako ovataimu inaanza kuhesabiwa baada ya saa la ngapi, maana sheria nyingi zina kikomo cha siku na sio cha wiki peke yake. Muulize pia siku moja ya likizo itahesabiwa masaa 8 au 10, na asiyeweza ratiba hii atafanyaje. Na muulize masaa yaliyopungua ni mangapi. Akikosa la kusema hapo basi umeshajibiwa.

SWALI: Shikamoo dada. Mnatuchosha na habari za watu wa ofisini. Mi ni nesi wodi ya wazazi, shifti yangu ni masaa 12, usiku tunakuwa wawili kwa vitanda 22. Ikifika saa kumi alfajiri nasoma lebo ya dawa mara tatu na bado sina uhakika nimesoma nini. Nikipunguziwa mimi masaa, mama anayejifungua atashikwa na nani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Swali lako ndo zito kuliko yote na nimekaa nalo siku mbili. Ofisini unaweza kufuta kikao, wodini huwezi kumfuta mgonjwa, kwahiyo ile hesabu ya 100, 80, 100 haikai kwako na anayekuambia itakaa hajawahi kulala wodini.

Walioijaribu kwa ukweli ni jiji la Gothenburg kule Sweden, kwenye nyumba ya kutunzia wazee inaitwa Svartedalen, mwaka 2015 na 2016. Wahudumu walitolewa shifti ya masaa 8 wakapewa 6, mshahara uleule. Na ili pengo lisibaki wakaajiri wengine 17. Wahudumu wakawa na afya nzuri kuliko mwanzo, wanaumwa kidogo, na wakawa na nguvu ya kukaa na wazee wakafanya nao vitu ambavyo zamani hakuna aliyekuwa na muda navyo. Muda wa jaribio ukaisha jiji likasema gharama ni kubwa wakarudi masaa ya zamani.

Kuna watu wanaisimulia hiyo kama mfano wa kushindwa na mi sikubaliani nao kabisa. Jaribio lilionyesha kwamba uchovu wa wahudumu una bei, na bei yake ni watu 17. Kabla ya hapo bei hiyo ilikuwa inalipwa na migongo ya wahudumu wenyewe na wazee waliokuwa wanasubiri kugeuzwa kitandani. Kwenye kazi yako kupunguza masaa maana yake ni kuongeza mikono, hamna njia ya mkato, na ndo maana wenye bajeti hawapendi kuifungua hiyo mada. Ukikaa kwenye kikao cha chama chenu msiombe masaa mafupi peke yake, ombeni na idadi ya manesi kwa vitanda vilevile kwenye karatasi ileile, la sivyo mtapewa shifti ya masaa 8 na vitanda 30.

Kuna kitu kingine nataka ukijue. Umoja wa Ulaya una sheria ya muda wa kazi, wastani usizidi masaa 48 kwa wiki pamoja na ovataimu, na mtu apate masaa 11 mfululizo ya kupumzika ndani ya kila masaa 24. Hospitali kule zilikuwa zinasema daktari wa zamu akilala kwenye chumba cha zamu huo sio muda wa kazi. Mahakama ya Ulaya ikakataa, kwanza mwaka 2000 kwenye kesi ya madaktari wa Uhispania na tena 2003 kwenye kesi ya daktari wa Ujerumani, ikasema ukilazimika kuwepo hospitalini kusubiri kuitwa hiyo ni kazi hata kama macho yamefumba. Nchi yako inaweza isiwe chini ya mahakama hiyo ila hoja ni nzuri na inabebeka popote.

Hayo ya lebo ya dawa uyaandike. Tarehe, saa, ulikuwa kwenye saa la ngapi la shifti, na nakala ibaki kwako.

SWALI: Nani alisema masaa 8? Kwanini sio 7 au 10?

JIBU: Hakuna mtaalamu aliyepima akapata 8, namba hiyo ilipiganiwa. Robert Owen, mwenye viwanda vya pamba Uingereza, ndo anatajwa kuisema mwaka 1817, masaa 8 ya kazi, 8 ya burudani, 8 ya kulala, wakati huo watu hata watoto wanafanya 12 na 14. Tarehe 21 Aprili 1856 waashi wa Melbourne waliweka nyundo chini wakaandamana mpaka bungeni, na wakashinda, siku ya masaa 8 kwa malipo yaleyale. Chicago mwaka 1886 mgomo ulianza tarehe 1 Mei kudai hayohayo, tarehe 4 bomu likalipuka uwanja wa Haymarket, watu wakafa na wengine wakaja kunyongwa, na hiyo ndo Mei Mosi tunayoiadhimisha. Shirika la Kazi Duniani lilipoanzishwa 1919, mkataba wake namba 1, wa kwanza kabisa, ulikuwa ni masaa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Mwaka 1935 wakaandika mwingine wa masaa 40, nchi zilizouridhia mpaka leo ni chache. Na mchumi Keynes aliandika 1930 kwamba baada ya miaka 100 watu watafanya masaa 15 kwa wiki. Mashine zimekuja kama alivyosema, utajiri umeongezeka kama alivyosema, masaa ndo hayakushuka hivyo, na mi kila nikifikiria hapo naona kilichokosekana ni watu wa kudai, sio teknolojia.

SWALI: Dada wewe unaandika kama mfanyakazi, hebu niandikie kama mwenye karakana. Nina vijana tisa tunatengeneza fanicha. Mashine ya kuranda haijui siku nne, ikizima imezima. Nikipunguza masaa mshahara ubaki palepale, nafunga ndani ya mwaka. Niambie nakosea wapi.

JIBU: Kaka yangu hukosei kwenye hesabu, na sitakudanganya. Kwenye kazi ya mashine kila saa lililotoka limetoka na mbao zake. Watu wanapenda kumtaja Ford aliyeleta wiki ya siku tano viwandani mwake mwaka 1926, wanasahau alikuwa tayari na mkanda wa kuunganishia magari unaozalisha kuliko karakana yoyote ya zamani. Alipunguza akiwa na cha kupunguzia.

Mfano wa kukusaidia zaidi ni Kellogg's, kiwanda cha Battle Creek, Marekani. Mwaka 1930 uchumi umeanguka, watu hawana kazi, kiwanda kikaacha shifti tatu za masaa 8 kikaenda shifti nne za masaa 6, na malipo ya saa yakapandishwa. Yaani mashine haikuzima, waliobadilika ni watu wanaoishika, na familia nyingine zikapata ajira. Baada ya vita kuu ya pili wengi wakarudi kidogo kidogo kwenye 8 ila kuna idara, wengi wao wanawake, walioshikilia masaa yao 6 mpaka 1985. Zaidi ya miaka hamsini! Sasa wewe una vijana tisa, shifti nne huwezi, ila mbili je? Wanne asubuhi watano mchana? Mashine itatembea masaa mengi zaidi ya sasa hivi.

Na hakuna anayekutaka uruke kwa siku moja. Serikali zilizofanya kwa akili zimefanya kwa ngazi. Kolombia walipitisha sheria 2021 ya kutoka masaa 48 kwenda 42, ikaanza na saa moja tu Julai 2023, lingine 2024, mawili 2025, mawili ya mwisho 2026, na mshahara hauruhusiwi kushuka. Chile wanatoka 45 kwenda 40, walianza 44 mwaka 2024 na watamaliza 2028. Ufaransa ilipoleta masaa 35 mwaka 2000 ilianza na kampuni za watu zaidi ya 20, ndogo zikasubiri mpaka 2002, na serikali ikawapunguzia waajiri michango ya hifadhi ya jamii ili wasibebe mzigo peke yao. Hilo la mwisho ndo unalotakiwa kuidai serikali yako wewe na wenye karakana wenzako, badala ya kudai masaa yabaki yalivyo.

Wiki hii fanya kitu kimoja tu, tundika karatasi karibu na randa, kila inaposimama mtu aandike imesimama kwanini na kwa dakika ngapi. Kusubiri gundi, kutafuta msumeno, mteja kabadilisha vipimo, umeme. Fanya mwezi mzima. Nina hakika utaona masaa ambayo sio ya vijana wako kukosa bidii.

SWALI: Meneja anatuma meseji saa nne usiku, "nikumbushe kesho" kumbe anataka jibu sasa hivi. Nisipojibu asubuhi ananuna. Hii nayo ni kazi?

JIBU: Ndio, ni kazi. Ufaransa tangu 1 Januari 2017 kampuni zenye watu 50 na zaidi zinalazimika kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kuzima simu, Ureno ikaenda mbele 2021 ikamkataza mwajiri kumsumbua mtu nje ya muda isipokuwa dharura, na Australia wameanza Agosti 2024. Kama kwako hamna sheria hiyo ongea na wenzako kwanza, mkubaliane wote kwamba baada ya saa fulani hakuna anayejibu ila akipigiwa simu ya dharura anapokea. Ukianza peke yako utaonekana mvivu.

SWALI: Mi naendesha pikipiki ya kupeleka mizigo kwa app. Hapa mnaongelea masaa ya kazi, mi app inasema sina bosi niko huru. Jana nimekuwa barabarani masaa 13, tripu nimepata 9. Masaa yangu ni yapi?

JIBU: Swali lako mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ililijibu Februari 2021 kwenye kesi ya madereva wa Uber. Kampuni ilisema muda wa kazi ni ule abiria akiwa ndani ya gari. Majaji wakasema hapana, muda wa kazi unaanza dereva anapowasha app akiwa eneo lake na yuko tayari kupokea tripu. Kwa kipimo hicho jana ulifanya masaa 13, hukufanya tripu 9. Umoja wa Ulaya nao ukapitisha sheria 2024 inayosema app ikikuongoza na kukudhibiti basi unachukuliwa ni mwajiriwa, kampuni ndo ithibitishe kwamba sio. Tofauti hii ni kubwa kwako sababu muda wa kusubiri ukianza kulipwa, kampuni haitakuwa na faida tena kujaza waendesha pikipiki 50 kwenye kona yenye tripu 10. Sasa hivi kusubiri kwako hakuwagharimu kitu. Piga picha ya skrini unapowasha na unapozima, kila siku, na waambie wenzako wafanye hivyohivyo.

SWALI: Mume wangu yuko ghala moja kubwa, na ovataimu anafika masaa 65 hadi 70 kwa wiki. Hela tunaihitaji, sitaki kudanganya. Ila anarudi analala kwenye kochi na viatu miguuni, watoto wanamvua. Juzi amesema kifua kinambana kidogo. Nimwambie aache ovataimu?

JIBU: Dada yangu, hapa sitazunguka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti wao wa pamoja. Anayefanya masaa 55 au zaidi kwa wiki, ukimlinganisha na wa 35 hadi 40, hatari yake ya kupata kiharusi inazidi kwa asilimia 35 na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Kwa mwaka 2016 peke yake walikadiria vifo 745,000 duniani, wengi wao wanaume. Japani wana neno lake kabisa, karoshi, kufa kwa kazi, na familia inaweza kulipwa fidia. Sheria yao ya 2018 inaweka ovataimu isizidi masaa 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka, na hata msimu wa kazi nyingi isifike 100 kwa mwezi. Korea Kusini walishusha kikomo cha wiki kutoka 68 kwenda 52 mwaka 2018, serikali ilipotaka kukipandisha mpaka 69 mwaka 2023 vijana wakapiga kelele ikarudi nyuma. Mumeo anaishi kwenye ile 69 ambayo Wakorea waliikataa.

Najua mkiikata ovataimu yote mwezi huu kodi haitalipika, ndo maana sikuambii umwambie aache. Mtu anayehitaji masaa 70 ili nyumba iende analipwa kidogo kwenye yale 45 ya kwanza, na hilo ni la chama chake na mwajiri, sio la kwenu wawili kugombania usiku. Mnachoweza nyie ni kuanza na siku moja kwa wiki asiyogusa ovataimu, iwe ileile kila wiki ili msimamizi aizoee. Alafu chukua daftari uandike anaingia saa ngapi anatoka saa ngapi kwa wiki nne, mlinganishe na karatasi ya mshahara. Nimeshaona kwenye barua zenu hapa mara nyingi tu masaa ya mwishoni hayamo kwenye malipo.

Ila hicho kifua kisisubiri hizo wiki nne. Mpeleke leo apimwe presha na moyo, hata kama ni siku ya kazi, na kikimbana tena kabla hamjafika basi moja kwa moja dharura.